Kitabu Alichokitaka Mama Karanga

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kama kawaida yangu, niliota nimepangwa kwenye rafu ya maktaba.

Sikuwa nimekaa. Nilikuwa nimesimama wima, miguu pamoja, mikono mbavuni, nimebanwa kati ya kitabu cha kufuga kware na kitabu kinachoitwa Posa ya Daktari wa Ng'ombe. Nimevaa gauni langu la kanisani na kandambili, na kiunoni nimebandikwa karatasi ndogo yenye namba. Nikaona si vibaya. Nafasi ni finyu, lakini majirani ni wasafi.

"Shikamoo bibi," kitabu cha upande wa kulia kikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo kidogo. Kesho nachanwa, nafungia karanga."

Nikakitazama vizuri, maana ndicho kitabu changu.

Niseme kidogo hapa. Mimi ni Naelijwa, nina wajukuu tisa, na shule niliishia darasa la tatu. Kila Alhamisi, siku ya gulio, nashuka mjini na tangawizi. Nikimaliza kuuza nasubiri lori la kupandia mlimani, na mahali pa kusubiri penye kivuli ni maktaba. Humo ndani, nyuma ya rafu ya tatu ambako mkutubi hanioni, nimekuwa nikisoma Posa ya Daktari wa Ng'ombe kwa miaka mitatu. Ukurasa mmoja kwa Alhamisi moja, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Nikimaliza nakirudisha mwenyewe rafuni, palepale nilipokitoa, nakinyoosha na cha jirani nakinyoosha. Kuazima kupeleka nyumbani sikutaka, fomu inataka mdhamini, na mdhamini angeuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini kwenye habari za posa. Hata mkwe wangu Nakunda, anayefanya usafi pale pale maktaba asubuhi na jioni, sikumwambia.

Alhamisi iliyopita nilikikuta na nukta nyekundu mgongoni. Nikamuuliza mkutubi, Bwana Mbonea, nukta hiyo ni ya nini. Akasema, "Hivyo vinaondoka Alhamisi ijayo asubuhi, mama. Havisomwi." Nikasema haya mwanangu, nikakirudisha. Nilikuwa nimebakiza kurasa tisa.

Sasa unajua nililala na nini kichwani.

"Karanga za nani?" nikakiuliza.

"Za yeyote mwenye njaa. Tulikuwa nakala kumi na mbili, bibi. Kumi na moja wameshakwenda. Mmoja nasikia alifungia ubuyu, lakini huyo alikuwa na bahati zake."

Kitabu cha kware kikacheka. Na chenyewe kina nukta nyekundu, ila kimeivaa kama beji ya chama. "Mnalia nini nyie? Mimi nilikuwa na foleni mpaka barabarani. Mji mzima ulitaka kufuga kware, maktaba ikaninunua nakala tisa kwa mpigo. Sasa hata kware wenyewe hawaniulizi."

"Kware walikwenda wapi?"

"Walikaangwa."

Nikamgeukia Posa. Nitamwita Posa tu, maana mtu mkishaongea naye huwezi kumwita kitabu. Nikamuuliza lililokuwa likinichoma wiki nzima. "Daktari ameshaingia ndani? Nilimwacha mlangoni."

"Yuko mlangoni bado. Wewe ndiye unayesoma polepole. Amesimama na mkoba wake na yule mbuzi aliyemleta, na Mwanahawa amejibanza nyuma ya pazia hajui aseme nini. Mbuzi amemaliza maua yote ya barazani."

"Atakubaliwa?"

"Sijui. Mwisho wangu uko mgongoni, siwezi kujiona."

"Na ukifungia karanga?"

"Basi hataingia. Yeye atakwenda na karanga za stendi, na mlango utakwenda na karanga za hospitali."

Moyo ukaanza kunienda mbio. Haikuwa hofu. Ilikuwa kama siku ile ya kwanza nilipoweka kidole chini ya herufi zilizosimama pamoja, nikaona kumbe zinasema Mwanahawa, na Mwanahawa akatoka humo amebeba ndoo.

"Tunafanyaje?" nikasema.

"Kuna kamati. Inakaa kabla maktaba haijafunguliwa. Ikipata shahidi inaweza kunibakiza. Ila njia ya kuifikia ni ile niliyojia mimi, hakuna nyingine."

Narudi nyuma hatua moja. Rafu haina nyuma. Tunaangukia mnadani.

Ni mnada wa ng'ombe hasa, vumbi na kelele, ila waliofungwa kamba ni vitabu. Vipya, vinang'aa, vinanuka gundi. Watu wa maktaba wanapita wakivifunua kama anavyofunuliwa ng'ombe mdomo atazamwe meno. Mnunuzi ni Bwana Mbonea mwenyewe, mdogo kwa miaka kumi hivi, amevaa buti za mvua na ana fimbo. Hatazami jalada, hasomi mstari hata mmoja. Ana swali lake moja.

"Nani amekuulizia?"

Kitabu kikubwa cha historia ya vyama vya ushirika kinajikohoza. "Mimi ni muhimu kwa taifa."

"Sikuuliza hivyo. Nani amekuulizia?"

Kinatazama chini. Mbonea anapita.

Anapofika kwa Posa, watu wanamiminika kutoka kila upande. Mwalimu wa hesabu, mlinzi wa benki, mke wa mchungaji, mafundi cherehani wamekuja na futi shingoni.

"Wasomaji watatu, nakala moja," anatangaza Mbonea. "Jipangeni."

Wanashikana mikono watatu watatu. Kila watatu wanaposhikana, nakala moja inaruka kutoka katikati yao ikiwa tayari imegongwa muhuri. Moja. Mbili. Tano. Nakala ya kumi na mbili inaruka juu sana, inatua mikononi mwangu, na ni yeye, Posa, mpya, kona zake bado kali. Nahesabu watu. Ni thelathini na sita.

Mimi ni wa thelathini na saba.

"Mama, wenzako wawili wako wapi?" ananiuliza Mbonea, na anakichukua kitabu mkononi mwangu kwa upole.

"Sina wenzangu."

"Basi subiri hapo. Wakija wawili utapata nakala."

Nasubiri. Kusubiri ni kazi ninayoiweza. Mnada unafungwa, vumbi linatulia, ng'ombe wa kweli wanakuja kulala, nyasi zinaota kati ya vidole vyangu vya miguu. Hakuna anayekuja.

"Ulinitaka mwaka ule ule," Posa ananiambia, ameshazeeka tena, ameegemea mguu wangu. "Hukusema tu."

Ni kweli. Mwaka ule watu walimzungumza Daktari mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wengine wanamtetea, wengine wanasema Mwanahawa asimchukue mtu anayenuka dawa ya kupe. Mimi nikakaa kimya nimeshika debe langu la mahindi.

Nang'oa nyasi vidoleni, nasukuma lango la mnada. Nyuma ya lango ni wodi ya hospitali.

Vitanda vimepangwa safu mbili, na kwenye kila kitanda kuna kitabu chenye kipimajoto. Muuguzi ni kadi ya maktaba, mwembamba, ukimtazama ubavuni humwoni. Anapita akisoma joto.

"Huyu thelathini na tisa na nusu. Anatakiwa nyumba nne leo hii. Mtoeni upesi."

Wahudumu wanakimbia na machela. Kitabu kinatoka mlangoni kinatoa mvuke, na kingine kinarudishwa mlango huo huo kinanuka vitunguu na mafuta ya taa.

"Siku kumi na nne kila nyumba," Muuguzi anamwambia mtu asiyeonekana. "Akichelewa tunamfuata."

Posa anapanda kitanda cha dirishani bila kuombwa. "Hiki kilikuwa changu. Mwaka mzima sikushuka chini ya thelathini na nane. Nililala chini ya mto wa mlinzi wa benki. Mke wa mchungaji alinivika gamba la kitabu cha nyimbo, tukaenda naye ibadani, nikakaa kimya kama walivyokaa wengine. Mwalimu wa hesabu alilia kwenye ukurasa wa tisini. Pana doa."

"Lile doa? Nilidhani ni chai."

"Chai ni ukurasa wa themanini."

Muuguzi anafika, anamchomeka kipimajoto katikati ya kurasa, anakisoma. "Kumi na nane. Hilo ni joto la rafu. Huyu amepoa. Atoke, kitanda kina mgonjwa."

Mgonjwa mpya ameshasimama pale na begi lake. Ni kitabu cha kupunguza tumbo kwa siku saba, kinatiririka jasho, jalada limeanza kujikunja kwa moto.

"Samahani mzee," kinamwambia Posa. "Nina watu sitini na wawili wananisubiri."

"Hata mimi."

"Ulikuwa nao. Mimi ninao."

Posa anashuka. Anashuka taratibu, maana gundi ya mgongo imelegea. Nikaona siwezi kuvumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, lakini nikaona hapana.

"Dada," nikamwambia Muuguzi, "mimi huyu namsoma kila wiki. Mbona joto lake halipandi?"

Muuguzi akajigeuza, akanionyesha upande wake wa nyuma. Zimegongwa tarehe pale, safu kwa safu, zambarau, zimebanana hazina pa kupumua. Kisha zinaachana. Kisha moja peke yake, tarehe tisa Februari, miaka mitatu iliyopita. Chini yake ni kweupe.

"Soma mwenyewe," akasema.

Nikasoma kwa kidole. Kweupe kweli.

"Labda unamsoma ndotoni," akasema Muuguzi.

"Hapa tuko ndotoni."

"Ndiyo, na hata hapa halijapanda."

Mlango wa nyuma wa wodi unatokea ghalani. Hapo ndipo kamati ilipo. Wajumbe ni watatu, wamekaa kwenye benchi: Muhuri, Mkasi na Mizani. Bwana Mbonea amesimama pembeni na daftari lake. Sasa ana umri wake wa siku zote. Kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amekaa mama mmoja na sinia la karanga zinazotoka moshi.

"Karibu, ndugu yangu," mama karanga akaniambia. "Za mlimani?"

"Nzuri. Za biashara?"

"Tunashukuru. Usinione vibaya. Mimi sina neno na mtu. Ila karatasi yake ni laini, haipasuki karanga zikiwa za moto. Nimempenda tangu yuko rafuni."

"Asante," akasema Posa.

Muhuri kila anapotaka kusema anaruka mara moja, akitua anaacha tarehe ya leo kwenye benchi. "Jina."

"Posa ya Daktari wa Ng'ombe, nakala ya kumi na mbili."

"Kosa."

"Nimepoa."

"Bwana Mbonea, una la kusema?"

Mbonea akavua miwani. "Rafu ni ile ile, waheshimiwa, haiongezeki. Vipya vinakuja Jumatatu. Vingine vimeshafika, vimekaa nje kwenye ngazi na mabegi yao, vinauliza choo kiko wapi. Mimi sipendi kuondoa kitabu. Naondoa kisichoguswa."

"Kinaguswa," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mkasi akafunguka, akafumba. "Wewe ni nani?"

"Ni Naelijwa, wa tangawizi. Namsoma kila Alhamisi, ukurasa mmoja. Nimefika mia na arobaini na mbili. Zimebaki tisa, na kuna mtu amesimama mlangoni na mbuzi."

"Nani alikuona ukisoma?"

Hapo pakawa pagumu. Miaka mitatu kazi yangu kubwa ilikuwa nisionekane, na kazi hiyo niliifanya vizuri.

"Meza," nikasema. "Meza ya kusomea iliniona."

"Aitwe Meza."

Meza anaingia kwa miguu yake minne, anakanyaga taratibu kama ng'ombe mwenye mimba. Ananisalimia kwa kuinamisha kona.

"Mama huyu namfahamu," anasema. "Ana viwiko vyepesi. Kila Alhamisi anakaa kwangu mpaka lori lipige honi."

Nikapumua. Mama karanga akaanza kukusanya sinia lake, ni mstaarabu.

"Umemhesabu mara ngapi?" akauliza Mizani.

"Sijamhesabu."

"Hata mara moja?"

"Mimi sihesabu wanaosoma. Nahesabu vinavyoachwa juu yangu. Jioni anakuja Bwana Mbonea, anatazama nilichobeba, anaandika kila kimoja kuwa kimesomwa, kisha anavirudisha rafuni yeye mwenyewe. Mama huyu hajaniachia hata kijitabu. Akimaliza anakirudisha kwa mkono wake, anakifuta vumbi, anakinyoosha. Katika wasomaji wote ndiye mwenye adabu. Nilikuwa nikiviambia viti, mtazameni yule."

Mama karanga akateremsha sinia chini tena.

Mbonea akaonyesha ukutani kwa fimbo ya mnada. Tangazo dogo ninaloliona kila Alhamisi ukutani mwa maktaba limekuwa kubwa kama ukuta mzima, herufi moja ni urefu wa mtu. USIRUDISHE KITABU RAFUNI. KIACHE MEZANI.

"Lipo miaka kumi, mama," akasema.

"Nililisoma," nikasema. "Nilidhani ni la wanafunzi, wasiojua kitabu kimetoka wapi. Mimi nilikuwa najua kilikotoka."

"Wenye adabu wote wanadhani hivyo." Hakulisema kwa ubaya. "Ndio maana vitabu vyao vinakufa kwanza."

Nikatazama mikono yangu. Miaka mitatu nimekuwa nikimwondoa kwa mikono hii, huku nikimpangusa vumbi.

Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtu akiondoka mezani, meza inabaki kama hakuwahi kukaa mtu. Mama yangu alikuwa akipitisha kiganja. Akikuta chembe ya ugali anakuita jina lako lote.

"Waheshimiwa," nikasema, "nikimwacha mezani sasa, je?"

Wajumbe wakainamiana. Mizani akayumba huku na huku, akatulia. "Kila Alhamisi ije yenyewe kudai chake."

Mlango wa ghala unafunguka, na Alhamisi zinaingia. Ni wanawake, kila mmoja na kapu lake. Mmoja amelowa, huyo ni wa siku ya mvua kubwa. Mmoja amesuka nywele mpya, huyo ni wa wiki ya Krismasi. Mmoja anachechemea, ndiye wa siku nilipoteguka mguu gulioni. Wanapanga foleni mpaka nje. Zile Alhamisi nilizokosa kwa msiba wa dada yangu na kwa homa zimekaa nje kwenye majani, hazigombani na mtu.

Anasogea wa kwanza. Nachukua Posa, namweka juu ya Meza, naondoka.

Nikifika hatua ya pili, naona Posa yuko mkononi mwangu.

"Haikuhesabiwa," anasema Muhuri.

Naweka tena. Mkono unarudi wenyewe, unamchukua, unamfuta vumbi, unamnyoosha.

"Haikuhesabiwa."

"Bibi," Posa ananong'ona, "usiwe na adabu. Dakika moja tu."

"Siwezi. Angalia, mkono haunisikii."

"Kalia mikono," kinapiga kelele kitabu cha kware, ambacho sijui kimefikaje. "Kalia mikono, mwanamke. Mimi nilikuwa na wasomaji wachafu, ndio walioniweka mjini."

Alhamisi aliyelowa anavua kanga yake, ananifunga mikono yote miwili nyuma, fundo kama la kufungia kuku. Namsukuma Posa kwa kiwiko. Anateleza, anakaa katikati ya Meza, mshazari, amefunuka, aibu tupu. Nageuka. Natembea. Mgongo unaniwasha. Nasikia kabisa ukurasa mmoja umekunjika kona, na siurudii.

"Moja," anasema Meza.

Alhamisi zote zinapiga vigelegele. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Anakuja wa pili. Kiwiko. Mbili. Wa tatu. Wa mvua, wa jua, wa siku ambayo tangawizi haikuuzika hata kipande kimoja. Naanza kuzoea. Ya ishirini namwacha amelala kifudifudi. Ya arobaini namwacha na kiti hakijarudishwa. Ya sitini nacheka, kicheko cha tumboni, na mama karanga anacheka na mimi na anagawa karanga kwa wajumbe mkono mtupu, hazina pa kufungiwa. Muuguzi amekuja mbio na kipimajoto chake. Ishirini na tano. Thelathini. Jalada la Posa linapata rangi, lile pazia la Mwanahawa juu ya jalada kumbe ni la kijani, mimi siku zote nilijua ni la kijivu.

Mia na kumi. Mia na thelathini. Miguu yangu haigusi chini. Nyuma ya Alhamisi wameanza kusimama watu wengine, nawaona kwa mbali, mlinzi wa benki amezeeka, mwalimu wa hesabu na leso yake, na wasichana nisiowajua wanaoulizana, "Ni kipi hicho?"

"Mia na arobaini na mbili," anasema Meza.

Posa anatoa mvuke.

Muhuri akaruka. "Kamati imepokea. Lakini daftari la Bwana Mbonea ni la mchana, ndoto haliandiki. Lazima akute moja kwa macho yake."

"Lini?"

"Akifungua mlango asubuhi hii. Asipokuta kitu mezani, sanduku la vinavyoondoka liko tayari, na mama karanga ataondoka nalo."

"Nitaingiaje? Maktaba imefungwa, na mimi niko mlimani nimelala."

Mkasi akanitazama kama anavyotazamwa mtu mzito wa kuelewa. "Mama, unadhani uko wapi?"

Nikageuza kichwa. Hakuna ghala, hakuna kamati, hakuna mama karanga. Ni chumba cha kusomea, vioo vimeanza kupata mwanga wa asubuhi, sakafu imepigwa deki na imekauka. Meza zote tupu, safi, Nakunda amezifuta vizuri. Meza hasemi tena. Ana miguu minne na amesimama tu, kama meza. Mikono yangu imefunguliwa.

Hii ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Nikamtoa Posa rafuni. Nikatafuta ukurasa wa mia na arobaini na tatu, nikamfunua hapo, nikamweka mezani, nikaachia kidole kimoja kimoja. Nikageuka.

Kutoka meza ile hadi mlangoni ni hatua kumi na nne. Nilizitembea zote. Ya tisa mkono wa kulia ulinivuta, nikaukamata kwa wa kushoto. Ya kumi na mbili nikasikia nyuma yangu mbuzi amepiga chafya. Sikugeuka.

Nikaamka.

Jua limeshaingia chumbani, jambo ambalo halijanipata tangu niolewe. Simu inalia chini ya mto. Ni Nakunda, yuko kazini.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, ila mwenzako nimegombezwa asubuhi asubuhi." Alikuwa ananong'ona na anacheka. "Jana jioni nilifuta meza zote, mama, nikaziacha tupu, wewe unanijua. Tukafunga, Bwana Mbonea akaondoka na ufunguo wake. Leo tumefungua wote wawili, tumekuta kitabu mezani. Kimefunuliwa kabisa, kama mtu kaenda msalani anarudi."

Nikakaa kitandani. "Kitabu gani?"

"Cha zamani tu, cha posa sijui ya daktari. Kilikuwa kwenye orodha yake ya kuondoa leo, na mama wa karanga ameshakuja na kapu yuko hapa nje. Sasa Mbonea anasema utaratibu ni utaratibu, kilichokutwa mezani kimesomwa. Amekiandika, ameibandua ile nukta. Lakini hana raha. Anazunguka rafu anatafuta mtu."

"Kimefunuliwa ukurasa wa ngapi?"

"Mama, na wewe. Ngoja." Nikasikia viatu vyake sakafuni. "Mia moja arobaini na tatu. Kona imekunjika. Haya, ameniambia nikirudishe rafuni, nikaona nikupigie kwanza nicheke na mtu."

"Nakunda," nikasema, "usikirudishe."

"Kwa nini?"

"Kiache hapo hapo kilivyo. Mwambie Bwana Mbonea asitafute mtu, anateremka na lori la saa nne. Ni mimi ninayekisoma."